Mwisho Alioutunga Ouma

Gatwekera, Kibera
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nausalimu mguu wako. Unaendeleaje? Bado unavimba ukisimama sana sokoni, ama ile dawa ya kuchua imesaidia? Na yule kuku aliyelalia mayai chini ya kitanda chako, ameyaangua au ameyaacha tena? Mimi mwili ni mzima. Mikono tu ndiyo imeliwa na sabuni, ngozi imepasuka kwenye vidole, lakini kazi ya kufulia watu nguo ndiyo iliyoko, na mchagua jembe si mkulima.

Naandika Kiswahili kwa sababu anayekusomea ni wifi yangu Mwende, na Dholuo yake, miaka yote hii tangu kaka yangu Ouma amtoe kwao Kitui, bado ni ya kuombea chumvi tu. Asikasirike, namtania, maana baada ya hapa sitaweza kutania. Mwende, mtoe mwanao Achi nje akacheze, na wewe ukae. Usisome barua hii ukiwa umesimama.

Sikutaka kupiga simu. Mama, wewe ukisikia jambo usilolitaka unasema netiweki ni mbaya, kisha unakata. Barua haikatwi. Nimempa Mama Atis, jirani yangu wa mlango wa pili, anayekuja huko kumtazama babake mgonjwa, na nimemwambia aitie mkononi mwa Mwende, si kwa mtu mwingine.

Nimesikia kwamba mahindi yakishaingia ndani unapanda basi kuja Nairobi kumtafuta Ouma wewe mwenyewe. Hata begi umeshaliazima. Mama, usije. Hilo ndilo ninaloandikia, na sababu yake nitakwambia, ila lazima nianzie mbali, kwenye televisheni ya katekista.

Unaikumbuka. Jumapili jioni tulibanana sebuleni kwake, wazee kwenye viti na sisi chini, televisheni ndogo imefungwa kwenye betri ya gari, tukimngoja yule mpelelezi wa mambo ya mizimu tuliyemwita Bwana Taa kwa sababu hakutoka nyumbani bila taa hata jua likiwa utosini. Kipindi chenyewe kilikuwa cha zamani hata wakati huo, picha hazina rangi, na Kiingereza chake kilitupita juu ya vichwa. Ouma alikuwa darasa la nane. Alisimama kando ya televisheni akatutafsiria. Sasa najua kwamba alielewa labda neno moja katika kumi, na hayo tisa mengine aliyatoa kichwani mwake.

Siku ile ilikuwa hadithi ya mama na treni. Kijana amepanda treni kwenda mjini, treni imepotea njiani na watu wote, hakuna chuma wala mfupa uliopatikana. Mama yake anakwenda stesheni kila siku na sahani ya chakula iliyofunikwa, anakaa kwenye benchi. Bwana Taa anaitwa aje achunguze. Anakaa naye siku tatu. Siku ya tatu sauti ya treni inasikika kwa mbali, mama anasimama, na hapo hapo betri ya katekista ikaisha. Picha ikanywea ikawa kidoa cheupe, kidoa kikazimika. Watu walilalamika mpaka mbwa wakaanza kubweka nje. Ouma akasema, "Tulieni. Mwisho naujua."

Akatupa mwisho. Treni ilisimama, mlango ukafunguka, kijana akashuka na begi lake lile lile, amekonda tu. Mama akamfunulia sahani na chakula kikawa bado cha moto. Na Bwana Taa, kwa mdomo wa Ouma, akasema kwamba aliyepotea hupotea kabisa siku nyumbani wanapomlilia. Wasipomlilia, njia inabaki wazi. Watu walipiga makofi. Wewe ulifuta macho kwa leso, na tangu siku hiyo ukawa unawasimulia wanawake wa sokoni jinsi ulivyomwona yule kijana akishuka. Mpaka viatu vyake ulivieleza. Mama, viatu hatukuviona. Sebule ilikuwa giza.

Miaka minne sasa Ouma hajulikani aliko. Alikuja hapa Gatwekera kufanya kazi za mjengo, na Jumamosi alikaa na maikrofoni kwenye ukumbi wa video akiwatafsiria watu sinema za Kichina. Mwenye ukumbi aliniambia nilipofika, "Huyo bro wako alikuwa noma. Alikuwa anatupea ending zake, na tulikuwa tunazipenda kuliko zenyewe." Basi Jumanne moja alitoka asubuhi kwenda kazini na hakurudi. Nami nikatumwa nije nimtafute.

Huko nyumbani ukakataza mtu yeyote asilie. Wazee wa ukoo walipokuja kutaja yago, lile tunda tunalolizika kaburini pale mwili wa mtu wetu unapokosekana, uliwatoa uani kwa mwiko. Ukasema, hamkuiona hadithi ya treni? Mlango wa nyumba yako haujawekwa komeo tangu siku hiyo. Sahani yake inafunikwa kila jioni. Na Mwende amekaa hapo kati, si mke wala mjane, akingoja mlango ulio wazi.

Sasa nisikilize. Wiki mbili zilizopita nilitembea mpaka Riruta Satellite kwa mwalimu mmoja mstaafu, Mama Wambui, ambaye namfulia kila Alhamisi. Nilikuwa nimechutama na beseni kwenye baraza, mlango wa sebule uko wazi, mara nikasikia mluzi. Ule mluzi wa kufungulia kipindi cha Bwana Taa, Mama. Nikainuka na povu mikononi nikaenda mlangoni.

"Akinyi, hizo nguo zitajifua?" akaniuliza bila kugeuka.

"Mathe, hii story naijua. Tulikuwa tunaiona ushago, kule kwetu kijijini, nikiwa mdogo."

"Ata wewe? Hii ni ya kitambo sana, msichana wangu ndiye alinitafutia kwa intaneti. Kaa basi, wacha tumalizie."

Nikakaa kwenye zulia kama zamani. Ilikuwa hadithi ya treni. Ile stesheni ilikuwa ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Mama yule alikuwa kijana kuliko wewe. Na safari hii Kiingereza nilikielewa. Nilingoja Bwana Taa aseme yale maneno ya kutomlilia aliyepotea. Hakuyasema. Alichosema sana ni kumbembeleza yule mama, twende nyumbani, mama, twende nyumbani. Kisha sauti ya treni ikaja, mama akasimama, nami nikashika mguu wa meza kwa sababu hapo ndipo betri ilipoisha.

Treni ilisimama. Mlango ukafunguka. Hakuna aliyeshuka. Mama alichungulia, akaita jina la mwanawe mara tatu, kisha akaiweka sahani kwenye benchi akapanda amtafute ndani. Mlango ukajifunga. Bwana Taa alikimbia na taa yake mpaka mwisho wa stesheni na treni ikaenda. Nikafikiri yameisha. Lakini wakaonyesha siku ya pili: binti wa yule mama, msichana wa miaka kama kumi, anakuja na sahani nyingine iliyofunikwa, anakaa pale pale kwenye benchi. Basi. Mluzi ukapigwa.

"Mathe," nikasema, "kwetu alirudi."

"Nani alirudi?"

"Huyo kijana. Kwetu alishuka."

Mama Wambui alinitazama vizuri, akazima sauti. "Basi mlidanganywa, msichana wangu. Ending ni hiyo tu. Haina ingine."

Nikarudi kwenye beseni. Nililia juu ya shuka za watu, Mama, na sikujua ninalia nini hasa, maana nilikuwa na vya kulilia viwili, na hicho cha pili ndicho ninachokuja kukwambia sasa. Nimepiga moyo konde. Wamesema mficha maradhi kilio humfichua, nami nimeficha miaka minne.

Ouma amekufa. Nimejua tangu mwezi wa pili baada ya kupotea.

Nilikuwa nimeshapita hospitalini na polisi, nikaenda mochari. Mhudumu, mzee mmoja mpole, alikuwa na daftari la wale wasiojulikana. Alinisomea polepole, mmoja baada ya mwingine. Akafika mahali akasema, "Mwanaume. Aliletwa kutoka mjengo, alianguka, walioleta hawakuacha jina. Koti ya kaki. Kifungo ya pili ni red, kubwa, kama ya dress ya mtoto."

Mwende, kifungo hicho unakijua. Ulikitoa kwenye gauni la Achi cheusi kilipokosekana, tukacheka sote, na Ouma akasema sasa hawezi kupotea hata katikati ya soko.

Mzee akaniuliza, "Ni wako, dadangu? Bado yuko hapa mpaka Ijumaa. Wakipita Ijumaa wanazikwa na serikali, wote pamoja. Unataka kumwona?"

Nikamwambia, "Hapana. Si yeye."

Mama, sikumwona. Alikuwa nyuma ya mlango mmoja tu, nikakataa. Mimi niliyefika kidato cha pili, niliyewacheka wanaoogopa bundi, nilisimama pale na nilichokuwa nasikia kichwani ni sauti ya Ouma akiwa darasa la nane, kwamba tukimlilia njia itafungwa. Nikasema nikikubali ni yeye, nyumbani watapiga nduru, na mimi ndiye nitakuwa nimemfungia mlango. Nikisema si yeye, labda si yeye. Makoti ya kaki ni mengi. Vifungo vyekundu ni vingi. Nikatoka. Ijumaa ilifika nikiwa mtaani Kawangware 46 nafua blanketi za watu, nikaona jua likipanda na likishuka, na sikwenda. Wakamzika na wengine. Nilipopata nguvu ya kurudi kuuliza, yule mzee alikuwa ameondoka, na aliyekalia kiti chake aliniambia pale hawaweki jina, hakuna anayeweza kunionyesha ni wapi.

Kwa hiyo mwili ambao wazee walisema umekosekana ulikuwako. Tungemleta nyumbani kwa gari, akalala mbele ya nyumba yake kama mwanamume mwenye boma. Mimi ndiye niliyewanyima. Na kila uliponiuliza kwa simu nikakujibu, "Bado natafuta." Sikuwa natafuta, Mama. Nilikuwa nafua nguo, narudi Gatwekera, nalala, na mabati yakivuja nasogeza kitanda. Hiyo ndiyo Nairobi yangu yote.

Ndiyo maana nasema usije. Hakuna mlango wa kubisha. Hakuna mtu wa kuuliza ambaye sikumuuliza, na jibu nililokuwa nalo nililitupa. Ukija utazunguka na picha yake ile ya kipaimara, watu watakuhurumia, watakwambia jaribu upande ule, nawe utajaribu, na mwaka utapita, na wa pili. Mimi nimeshapanda ile treni. Wewe ukipanda, atakayekaa kwenye benchi na sahani ni Mwende. Na baada ya Mwende ni Achi, ambaye hata sura ya babake ameanza kuisahau.

Waite wazee. Watafute yago. Chimbeni mahali pake, upande wa kulia wa mlango wa nyumba yake kama inavyotakiwa, na mlie. Mlie siku zote zinazostahili. Mwende avue anachopaswa mjane kuvua, na akitaka kukaa akae, na akitaka kurudi kwao Kitui asizuiwe na mtu. Sahani yake ioshwe irudi kabatini. Jioni ya siku ya mwisho, Mama, weka komeo.

Mimi sitakuja kwenye mazishi. Usinitumie mtu wa kunibembeleza. Sijui nikisimama kando ya kaburi la tunda nitautazama uso wa nani. Nilimkataa akiwa na miguu na mikono, sasa nije nimlilie akiwa yago? Nitabaki hapa. Alhamisi nitakwenda Satellite kufua.

Nisalimie Achi, na mwambie lile gauni nitamtafutia kifungo, hata kama limeshambana. Nisalimie mdogo wetu Odhiambo, ambaye sasa ndiye mwanamume wa boma hilo, aache kuchelewa njiani. Msalimie shangazi anayekaanga omena. Msalimie katekista, kama bado yu hai. Usimlaumu kwa betri.

Ni mimi bintiyo niliyekukosea, na sijui kama kosa hili lina msamaha,

Akinyi

Mwende, najua sasa Mama anakuangalia mdomo, na wewe una kilio chako mwenyewe. Najua pia kwamba hajui kusoma, na kwamba ukitaka unaweza kumaliza barua hii upendavyo. Ouma angetunga. Angesema kuna mtu amemwona Kawangware, amekonda tu. Wewe usitunge. Msomee kama nilivyoandika, neno kwa neno, kisha umshike. Treni imesimama, mlango umefunguka, na hakuna aliyeshuka.