Mfuko wa Mtama

Bunia, tarehe 9 Machi 2016

Kwa Yaya Claudine,

Nakusalimu kwa heshima ya mkubwa wangu, na kwa mapenzi ya mtu uliyemgawia chumvi yako tangu mwaka ule tuliokimbia pamoja. Habari za Kasenyi? Ziwa linatoa samaki? Na ule mkono wa upande wa kidonda, umeanza kuuinua hadi kichwani? Huku tu wazima. Barabara iko shwari wiki hizi, ingawa mimi bado nalala na kifurushi changu kimefungwa chini ya kitanda. Mume wangu Adolphe yuko Nia-Nia kwa biashara zake, na binti yetu Grâce anakuamkia.

Makayabo uliyotuma nimeyapata. Dereva alisema ni shukrani zako kwa jinsi nilivyokutetea katika komite ya mituelle yetu ya afya, ile bima ya michango ya mama wa soko, hata kama ombi lako lilikataliwa. Nimeyatundika jikoni na tangu Jumapili sijayagusa. Grâce ameniuliza mara mbili kama samaki hao wameoza.

Acha nikueleze mambo yalivyokwenda siku ile, maana uliyoyasikia siyo.

Kwetu kila dosie ya ombi husomwa kwa sauti mbele ya komite nzima, na mwandishi ni mimi. Nilisoma kwamba mituelle ilikwisha kulipa upasuaji wa kuondoa titi lenye kansa, na kwamba sasa daktari wa Kampala yuko tayari kukutengenezea jingine kwa nyama ya tumbo lako. Mama wote walicheka kwa wema, kwa vile uliandika kwamba tumbo lako limekaa bure miaka mingi, sasa limepata kazi. Kisha Mama Immaculée, rais wetu, akauliza kama haya ni matibabu au ni nini. Hakuuliza kwa ubaya. Alisema yeye hajui, atafuata neno la anayejua sheria zetu, na wote wakanigeukia.

Yaya, nilifungua kitabu cha sheria, nikawasomea ukurasa wa vitu tusivyolipa: meno ya dhahabu, dawa za kung'arisha ngozi, na urembo wa kila namna. Nikasema titi la kutengenezwa ni urembo. Nikaongeza, kwa lugha yetu ya sokoni ili kila mtu asikie vizuri, kwamba "siye tunalipaka ugonjwa, na huyu mama iko muzima sasa." Mikono ikainuka, na wa kwanza ulikuwa wangu. Aliyekuambia nilikutetea alidhani tu, kwa kuwa anaujua urafiki wetu. Nami nilipopata habari kwamba unanishukuru, nikanyamaza.

Kwa hilo peke yake ungekuwa na haki ya kunitemea mate. Lakini chini yake kuna jingine.

Unakumbuka ulipotoka hospitali nikakufundisha kushona mfuko wa kujaza sidiria? Nilikuambia pamba ni nyepesi, inapanda hadi shingoni ukiinama, na maharage yanafanya vinundu. Mtama ndio wenye uzito wa mwili, ila uuanike juani usije ukaota msimu wa mvua. Ukaniuliza nimeyajua wapi hayo. Nikasema nilielezwa na muuguzi mmoja.

Hakuna muuguzi. Mwaka juzi, niliposema nakwenda Kampala kumwona kaka yangu, nilikwenda kukatwa titi la kushoto. Adolphe peke yake ndiye anayejua. Aliuza ng'ombe, tukasema ni karo ya shule. Mimi, mwandishi wa mituelle, sikuomba hata dawa moja, kwa sababu dosie yangu ingebidi niisome mwenyewe mbele ya mama wote. Wewe ulisimama kanisani ukautaja ugonjwa wako kwa jina, ukaomba tukuombee. Mimi hata binti yangu simruhusu kunisugua mgongo.

Niliogopa kwamba nikikutetea vizuri mno wataniuliza nimejuaje, kama ulivyoniuliza wewe. Na aibu inayonila zaidi ni hii: nilikuonea wivu. Niliwaza, huyu arudishiwe titi, mimi nibaki na mtama? Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwako nilikuwa mimi. Nimejaribu kujiambia kwamba nilikosea tu kusoma sheria, lakini sikukosea.

Jumamosi kuna mkutano mkuu. Ombi lililokataliwa linaweza kusomwa tena mbele ya wanachama wote. Nitasoma lako, kisha nitasoma langu jipya, kwa sauti ile ile. Wakitaka kusema ni urembo, waseme wakinitazama. Sijui kama watakubali. Usinijibu kabla ya siku hiyo, wala usinisamehe haraka kama ulivyozoea.

Msalimie sana Baba Dominique, mwambie asikuachie kubeba vikapu vya samaki. Wasalimie na majirani wote wanaonikumbuka. Dereva atakupa barua hii pamoja na kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. Ni mfuko wangu wa mtama. Nimekutumia ili Jumamosi nisiwe na cha kuvaa.

Mdogo wako,
Emerance