Paa la Mdogo Wangu

Lepasilla,
Alhamisi, mwisho wa Septemba.

Kwako mdogo wangu Triinu,

Pokea salamu zangu, na baada ya salamu nakujulia hali. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Madis na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Oskar kimeshamwachia. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua kila ukungu unapopanda kutoka mtoni, lakini bado anapanda baiskeli kwenda dukani, na ukimwambia apumzike anakuuliza uliona wapi goti likapona kwa kukalia kiti. Mitufaha imezaa mwaka huu hadi matawi tumeyaegemeza kwa fito. Nimemfungashia Mama kapu moja akuletee, pamoja na mkate mweusi na mtungi wa uyoga wa chumvi. Atakwambia uyoga ameutengeneza yeye. Mwitikie tu.

Najua utashangaa kupata barua yangu katika dunia ya leo. Simu zangu hupokei tangu siku ya kuzaliwa kwa Mama, wala sikulaumu. Kesho Mama anakuja Tallinn kwa basi la asubuhi kuonyesha macho yake hospitali, nami nimemwomba akukabidhi hii mkononi. Nimeibandika sawasawa kwa sababu wote tunamjua Mama. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata ukifika mahali ukatamani kuitupa jikoni ndani ya jiko la kuni.

Nianze na tulilogombania. Uliniuliza mbele ya wageni, tena kwa wema, kwa nini mimi sijawahi kuingia shindano lolote la usanifu wa majengo. Nikakujibu kwamba lazima mtu mmoja abaki kusafisha mifereji ya paa la Mama ili mwingine apate kwenda kubeba tuzo. Ukaweka kijiko chini, ukachukua koti, ukaondoka, na keki ya rabarba ikabaki nusu. Triinu, jibu lile halikuwa kweli. Ni kweli niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya ugonjwa wa Baba. Lakini Baba alipotuacha, hakuna aliyenizuia kurudi. Mama mwenyewe alinifungia sanduku. Niliogopa. Nikachukua kazi ya halmashauri ya kukagua sauna na gereji na nyua za watu, nikaizoea, na wewe ukapita njia ileile ukaimaliza.

Sasa nikueleze siku usiyoijua. Michoro ya shindano la kusanifu Nyumba ya Waimbaji ya mji wetu ilipotundikwa kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule ya zamani, nilikuwepo. Sikuwa na kura, nilikuwa wa kuleta kahawa na makaratasi. Michoro haikuwa na majina, kila mmoja na neno lake la siri tu, na nilipofika kwenye ule ulioandikwa "Shayiri" nikasimama kama mtu aliyeitwa. Nyumba ndefu, paa limeshuka chini kama la maghala ya kukaushia nafaka ya mababu zetu, kuta za vigae vya mti vitakavyogeuka kijivu kadiri mvua inavyovipiga, na katikati ukumbi wa kwaya unaopata mwanga kutoka juu. Heldur, mwenyekiti wetu wa halmashauri, aliponitania kwamba hata mleta kahawa ana macho, nikamwambia ni huu, na wasipouchagua huu wote ni vipofu. Akacheka akasema, "Jamani, Urve kasema sentensi nzima! Andikeni kwenye kumbukumbu."

Halafu bahasha ikafunguliwa, jina likawa lako.

Watu walinikumbatia kama nimejifungua. Nilitabasamu mpaka taya zikaniuma, kisha nikaenda jikoni nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Laiti ningeichukia kazi yako tangu mwanzo, ningepata nafuu. Msiba wangu ni kwamba niliipenda kabla sijajua ni yako. Tangu siku hiyo jina langu mjini likafa, nikawa "dada yake Triinu". Dada yake Triinu, barabara yetu itachimbwa lini? Dada yake Triinu, hebu mwulize mdogo wako atuchoree na kituo cha basi.

Mwanzoni nilikuwa na wenzangu. Wazee pale dukani walikuwa wakisema mmetuletea ghala, je, shayiri iko wapi? Nilikuwa nachelewesha kulipia maziwa yangu ili niwasikilize vizuri. Lakini kuta zilipovaa vigae vyake, mmoja baada ya mwingine wakanisaliti. Siku moja Vello, kiongozi wa kwaya, ambaye hajamsifu mtu isipokuwa waimbaji waliokwisha kufa, alisimama barabarani akiiangalia nyumba yako, mikono mgongoni, kisha akatamka, "Si mbaya." Unajua hapa Lepasilla neno hilo lina uzito gani. Baba yetu alimwambia Mama vivyo hivyo siku ya harusi. Mimi nilikuwa kando yake na mfuko wa viazi, na roho iliniuma kana kwamba nimetukanwa.

Basi kijiba cha roho kikapata ajira. Mimi ndiye mkaguzi, na bila saini yangu jengo halitumiki, nikawa naingia humo kila nilipopata nafasi. Nilitafuta kosa kama mtu anayetafuta pete iliyomponyoka. Nikakuta ngazi moja imepishana kidogo na mwenzake, nikaandika. Kitasa kinakwaruza, nikaandika. Mlango wa maktaba unafungukia upande usiofaa, siku hiyo nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Mafundi wakanibatiza Mama Rula. Heldur akaniambia mbele yao, "Urve, wewe hata ukifika mbinguni utaanza kukagua ngazi." Wakaangua kicheko. Wakarekebisha ngazi, kitasa na mlango, nami nikabaki mikono mitupu.

Agosti mvua ilinyesha kama imetumwa. Nilikuwa likizo, nalima viazi vya Mama kati ya manyunyu. Mkandarasi alikuwa anakimbizana na siku ya ufunguzi, na niliporudi kazini nikakuta dari la ukumbi wa kwaya limeshafungwa kwa mbao nyeupe, laini, zinanukia utomvu. Lilikuwa zuri mno. Niliketi kwenye benchi nikalitazama kwa hasira.

Wiki iliyopita nilikwenda kufanya ukaguzi wa mwisho. Kwenye kona ya kaskazini ya ukumbi nikasikia harufu ya pishi la viazi la Mama mwezi wa Machi. Nikapanda ngazi, nikachomeka kipima unyevu kwenye boriti pale inapotokeza, nacho kikaonyesha namba ya mti uliolala ziwani. Nikashuka. Wazo langu la kwanza, nakwambia kweli, lilikuwa: Urve, umeona ulichotaka kuona. Sikuuamini mkono wangu. Siku ya pili nikaazima kipimo kingine kule kiwanda cha mbao, jibu likawa lilelile. Bado sikuridhika. Nikampigia Aadu, mhandisi wa mji wa Võru, mtu asiyetujua sisi wala ugomvi wetu, nikamwomba aje aangalie paa. Sikumwambia kona ipi wala kwa nini.

Aadu aliingia, akauzunguka ukumbi, akafika kona ileile, akainua pua. Akatoboa. Unga wa mbao uliotoka ulikuwa umeshikana kama tumbaku mbichi. Akafungua ubao mmoja wa dari, akamulika tochi, akaniita nione: ukungu mweusi umetambaa juu ya safu nzima ya boriti za kaskazini. Akauliza, "Nani kazifunga hizi zikiwa na mvua tumboni?" Nikamwuliza zitashika kwa muda gani. Akasema majira haya ya baridi huenda, na ya mwakani huenda, lakini theluji ikikaa juu na watoto wakiimba chini, mtoto wake hatakuwemo. Kisha akaomba michoro yako. Akaisoma kurasa zote, akaweka kidole pale ulipoandika kwamba boriti zifunikwe wakati wa ujenzi na kwamba dari lisifungwe hadi zikauke. "Msanifu kasema," akanena. "Hawakumsikiliza."

Sasa sikiliza, mdogo wangu. Jumamosi hakuna ufunguzi. Jana nilikataa kutia saini.

Heldur aliniita ofisini, uso umemwiva. Kwaya za wilaya nzima zinakuja, alisema, waziri anakuja, na mke wake yeye Heldur kashaagiza keki. Akaniambia nitie saini, dari litashughulikiwa baada ya sherehe. Nilipokataa, akasimama. "Umeisubiri siku hii, eh? Mji mzima unajua. Nani atakuamini wewe? Watasema ni wivu!"

Nikamjibu, "Wivu ninao, Heldur, sikatai. Lakini mbao hazilowi kwa wivu." Nikaweka kipande cha boriti alichokikata Aadu juu ya meza yake, kwenye makaratasi. Alikitazama kikiyalowesha. Hakukigusa. Mwishowe akaketi, akaniambia kwa sauti ndogo niandike ripoti yangu, na kwamba mkewe atamwambia yeye mwenyewe.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nikuombe usiitupe barua hii. Aadu alipotamka yale maneno juu ya mvua tumboni, mimi nilifurahi. Nilifurahi, Triinu. Nilisimama chini ya paa lako lililooza na moyo wangu ukaruka kama wa msichana aliyealikwa kucheza dansi. Kwa macho ya moyo nilikuona gazetini ukiaibishwa. Niliwaona wale wazee wa dukani wakikugeuka. Niliona watu wakinirudishia jina langu.

Nikatoka na furaha yangu hadi mlangoni, nikamkuta Vello kaleta stendi za kuwekea nota. Akaniomba aingie mara moja tu ajaribu ukumbi. Kabla sijamjibu akapita. Akasimama katikati, akavuta pumzi, akatoa sauti moja, ndefu, na ukumbi wako ukaichukua. Ukaishika. Sauti ikazunguka juu kule kwenye mwanga, ikakataa kushuka, na mimi na husuda yangu yote nikajikuta nimezuia pumzi, naomba isianguke. Ilipokwisha nilikuwa nalia. Vello akafikiri ni kwa uimbaji wake, akaniambia ahsante. Ikabidi nimwambie atoke na kwamba kwaya haitaimba humo mwaka huu. Yule mzee alishika ukuta.

Hapo ndipo nilipojua kwamba naitaka nyumba hii isimame kuliko ninavyotaka wewe uanguke. Sijui kama hilo ni pendo. Wala sitakudanganya kwamba wivu umekwisha, maana leo mchana nimerudi kufunga madirisha na nimeuonea wivu kila mwanga ulioingia. Nadhani nitakufa nao. Nimeamua tu kwamba wivu huo usipewe kazi tena.

Mkandarasi ameshaanza kusema mchoro ndio mbaya, paa lina mteremko wa kijinga, mambo ya wasomi wa mjini. Jumatatu atayasema kwenye mkutano wa halmashauri. Njoo na michoro yako na kila ulichowaandikia wakati wa mvua. Aadu atakuwepo. Nami nitakuwepo, na nitasimama nitamke mbele yao wote kwamba dada yake Triinu alikuwa na kila sababu ya kutaka kukulaumu na hakuona pa kukulaumia. Dari lifunguliwe, boriti za kaskazini zitolewe, zilizobaki zikauke majira yote ya baridi. Nitasimamia mwenyewe kila msumari. Mafundi wataniita wanavyotaka.

Usilale hotelini. Chumba chako nimekitandika, na sauna nitaiwasha Jumapili jioni. Tusipokuwa na la kusema tutanyamaza, hilo sisi wawili tunaliweza.

Nisalimie Madis, wabusu watoto, na mwambie Mama asikubali daktari amwongezee miwani mingine, ile ya kwanza bado anaikalia. Ukiamua kuja, hakuna haja ya kupiga simu. Nenda moja kwa moja kwenye nyumba yako, utanikuta ndani.

Ni mimi dada yako, mwenye wivu na mwenye ufunguo,

Urve