Ameshinda Majimbo ya Mwanzo

Maskati, Alhamisi, Aprili 1968

Joto limekuja kabla ya wakati wake. Saa mbili asubuhi mawe ya mlima yalikuwa yameshashika moto, na upepo hakuna. Nimeamka na uzito kifuani usio maradhi. Naujua. Hunijia ninapokuwa nimesema neno ambalo ilinipasa kulinyamazia.

Naandika leo ili nisijidanganye.

Miaka kumi na tisa nilikuwa mwandishi wa habari Unguja. Hapa si mwandishi wa kitu, kwa kuwa nchi hii haina gazeti hata moja. Nafanya kazi Matrah kwenye ofisi ya mfanyabiashara, nafasiri barua na telegramu zake. Ofisini kuna redio. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaingia, nasikiliza habari na kuzipanga kichwani, habari kuu juu, ndogo chini, kana kwamba kuna ukurasa mahali unanisubiri.

Wiki hizi habari ni Amerika. Watu wa chama kimoja wanapiga kura za mchujo, jimbo baada ya jimbo, kutafuta nani awe mgombea wao wa urais. Seneta mmoja mpole, anayetaka vita vya Vietnam vikome, amesimama kumpinga rais wa chama chake mwenyewe. Katika jimbo la kwanza, dogo, la baridi, alishindwa. Narudia kwa sababu redio ililisema jambo hili kwa namna nyingine: alishindwa. Lakini alishindwa kwa kidogo mahali ambapo watu walitarajia azikwe, basi kila mtu akaita ushindi. Jumatatu tukasikia kwamba rais ametangaza hagombei tena. Jana tukasikia seneta ameshinda jimbo jingine, na safari hii ameshinda kweli.

Kwa mwandishi hiyo ni habari tamu. Ndiyo iliyoniponza.

Dada yangu Zuwena anakaa Sidab, mwendo wa mguu kutoka hapa mjini ukiuvuka mlima. Ana mtoto mmoja tu, Nassor. Nassor aliondoka Unguja kwenda kusoma Amerika miezi michache kabla ya mapinduzi, akakosa pa kurudi, akachukua karatasi za ukaazi kule kule. Mwaka jana aliacha masomo muhula mmoja ili afanye kazi, na kwa kuwa si mwanafunzi tena, jeshi lao limemwita. Anatakiwa aripoti katikati ya Mei. Akamwandikia mama yake kuuliza: aingie jeshini, au avuke mpaka aende Kanada?

Akivuka, karatasi zake za Amerika zimekwisha, na ahadi aliyompa mama yake ya kumchukua akakae naye imekwisha nazo. Huku Maskati nako kuingia ni kwa idhini, na idhini haitoki kwa wepesi kwa kijana aliyesoma nje. Kwa hiyo akivuka, huenda wasionane tena. Asipovuka, anapelekwa vitani.

Zuwena aliniletea barua hiyo majuma mawili yaliyopita. Aliniuliza afanye nini mtoto. Mimi nikamweleza mchujo.

Nilimwambia kwamba mwanzo mzuri una nguvu yake. Unavuta watu wa kujitolea, unavuta magazeti, unawatia khofu wakubwa wa chama. Nilimwambia mtu wa amani ameanza vizuri. Jumatatu nikaenda tena, nikamwambia hata rais mwenyewe amejitoa, na jana nikampelekea salamu za jimbo la pili. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Na niseme lililobaki: nilifurahi kusikilizwa. Miaka minne hakuna mtu aliyeniuliza naonaje juu ya kura.

Leo nilitoka kazini mapema, nikafika Sidab baada ya sala ya alasiri. Nje ya mlango nilikuta viatu vya kike, safu nzima. Ndani wanawake wa kwetu, wa Unguja, walikuwa wanamalizia kisomo cha Yasin mara arobaini na moja. Nilidhani wanamsomea Nassor.

Bi Shinuna, jirani yake, mwanamke asiyemwogopa yeyote, aliniona kizingitini.

"Huyo keshafika mwandishi! Hebu tufae. Huyu mtu wenu mamaake anaitwa nani?"

"Mtu wetu yupi, Bi Shinuna?"

"Huyo wa Amerika, seneta. Tunamuombea ashinde, na dua haifiki bila ya jina la mama. Jina lake mwenyewe tu limetutoa jasho."

Nilisema mama yake simjui.

"Alaa! Unajua kapata kura ngapi na mamaake humjui? Habari gani hizo mnazoandika?" Wakacheka wote, hata Zuwena. "Basi, tumetia bin Hawa. Hawa ni mama wa watu wote, hata makafiri."

Zuwena alikuwa na uso ambao sijauona kwake tangu tuje huku. Alikuwa anagawa kahawa na vitumbua kama mtu mwenye harusi. Juu ya ukingo wa dirisha niliona komwe mbili za bao, zimewekwa pamoja.

Nilipoziona hizo komwe, nilielewa yote.

Kwetu kura ilikuwa ya siku moja. Jimbo likitangazwa ni kiti, na kiti kikiingia hakitoki. Kila nyumba ilikaa na redio yake, na kila jimbo chama chao kilipochukua, komwe moja iliwekwa kando. Zikifika idadi, mnapiga vigelegele, mmekwisha shika serikali. Zuwena alikuwa anaihesabu Amerika kwa komwe. La kwanza, moja. La jana, mbili. Wala si ujinga, ndivyo tulivyofundishwa sote, na katika waliotufundisha nilikuwamo mimi, gazetini.

Wageni walipoondoka nikamwambia akae.

"Zuwena, lile jimbo la kwanza hakushinda. Alishindwa."

"Alishindwa vipi, kaka, na aliyemshinda ndiye aliyekimbia?"

Ni swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia redioni. Nikamweleza polepole. Kwamba majimbo yanayopiga kura hizi ni machache. Kwamba wajumbe wengi wanachaguliwa na wakubwa wa chama, vyumbani, bila sanduku la kura. Kwamba kuna mwingine mwenye jina kubwa zaidi ameshaingia, naye anajiita mtu wa amani. Kwamba ushindi wa mwanzo unamfanya mtu asikilizwe, haumpi kiti.

"Lakini anaweza kushinda," alisema.

"Anaweza."

"Basi si khabari njema?"

Hapo ndipo nilipolazimika kusema lile ambalo ilinipasa kulisema siku ya kwanza, sentensi moja, kabla ya mchujo wote.

"Hata akishinda kila jimbo, uchaguzi wenyewe ni Novemba. Na atakayechaguliwa anakalia kiti Januari. Nassor anatakiwa Mei."

Alitazama dirishani, si nje, ukingoni.

"Mbona hukunambia?"

Nilianza kukusanya vikombe vya kahawa.

"Kaka, nnakuuliza. Mbona hukunambia? Nshampelekea barua. Jumanne. Nimemwambia asubiri, mjomba wako kasema mambo yanatengenea."

Nimekaa na waandishi waliokosea idadi, waliokosea majina, waliomzika mtu aliye hai. Kesho yake unaandika masahihisho, ukurasa wa ndani, maisha yanaendelea. Masahihisho ya barua ya Jumanne hayana ukurasa.

Na si mara ya kwanza. Hili silisemi kwa watu, lakini nimesema leo sijidanganyi. Mume wa Zuwena, Khalfan, alikuwa ameshafunga mizigo ya familia kabla ya uhuru. Alitaka waje huku wote, mapema, kimya kimya. Asubuhi ya matokeo ya kura zile za mwisho alikuja ofisini kwangu na komwe zake mkononi, akauliza. Nikamwambia hesabu imekwisha, viti vimetosha, fungua mizigo. Hesabu ilikuwa sahihi. Januari yakaja mapinduzi, wakamtoa nyumbani kwake. Hadi leo hatujui kaburi lake.

Hesabu ilikuwa sahihi. Nimejiambia hivyo miaka minne.

Nikamwambia Zuwena kwamba telegramu itaitangulia barua. Kesho ni Ijumaa, ofisi imefungwa, kwa hiyo ni leo, na ni sasa, kabla milango ya mji haijafungwa. Nikatoa kalamu. Nikaandika kama nilivyozoea kuandika telegramu, bila neno la ziada: USISUBIRI VUKA. Chini yake nikaanza kuandika jina langu, maana ni mimi niliyempotosha, na mtu akikosea husahihisha kwa jina lake.

Zuwena alinishika mkono.

"Futa hilo."

"Lazima ajue nani kamwambia."

"Weka langu. Babaake alisikiliza la kwako."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayekwambia chumvi imezidi. Kisha akataka kujua kama neno VUKA litaeleweka.

"Ataelewa."

"Na akivuka simuoni tena."

"Huenda."

"Sema kweli, kaka, leo japo."

"Sidhani kama utamuona."

Aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno. Akasema niongeze kwamba asisahau sweta, kwa kuwa Kanada alisikia ni baridi kuliko kule. Nikaongeza. Ni telegramu ya kwanza niliyoiandika yenye neno lisilo na lazima, na sikulikata.

Nilivuka mlima nikitembea upesi kuliko umri wangu. Karani wa telegramu, Mhindi mwenye adabu, aliitazama karatasi akauliza ni lugha gani. Nikamwambia ya nyumbani. Akahesabu maneno, akauliza mtumaji ni nani. Nikamwambia Mama, basi. Akaandika Mama.

Nimerudi kwangu kabla ya magharibi. Redio sijui inasema nini, sikupita ofisini kusikiliza. Mtoto huenda ataipata telegramu Jumamosi au Jumatatu, huenda barua ya Jumanne itamfikia baadaye naye atakuwa na karatasi mbili za mama yake zinazopingana. Naomba aamini ile ya kuvuka. Sina njia ya kuhakikisha, na si kazi yangu tena kutabiri.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitakwenda Sidab. Zuwena akiwa ameziondoa komwe, sitauliza. Akiwa amezibakisha, sitauliza pia. Lakini akiniuliza nani atashinda Amerika, nitamwambia sijui.

Ndilo jibu nililokuwa nalo tangu siku ya kwanza.