Yule Mwenye Masikio

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa pili wa ndoa, na bado nikisikia viatu vyake mlangoni moyo unaruka! Asubuhi alinibusu shingoni nikiosha vyombo – nikavunja sahani. Tulicheka kama watoto.

Bibi yake anapasuliwa mtoto wa jicho Alhamisi. Ananiita mke mwenzake, eti namtunzia mume wake kijana. Leo kaniambia macho yakifunguka anataka kumwona Babu kabla ya kitu kingine chochote. Babu alikwenda vitani mimba ya Baba mkwe ikiwa changa, hakurudi. Picha yake ipo moja tu, chini kabisa ya sanduku la Bibi, na sanduku hilo halijawahi kufunguliwa na mtu mwingine. Hata Baba mkwe haijui sura ya baba yake!

Ufunguo kanipa mimi. Mimi! Niitafutie picha mahali pazuri ukutani.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda ofisi ya maveterani. Karani alipekua huku akikohoa vumbi mpaka akalipata jina la Babu: askari wa miguu, hakuonekana tena baada ya mapigano ya mtoni. Nikampelekea Baba mkwe habari. Akachukua ufagio, akafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua sanduku!

Askari wawili, wameshikana mabega, wanacheka. Mmoja mrefu, kofia upande – macho ya mpenzi wangu kabisa! Mdomo ule ule, hata kile kichwa kinavyoinama akitaka kunitania. Nikaibusu picha, Mungu anisamehe. Wa pili mfupi, masikio kama vishikio vya sufuria. Nilicheka peke yangu.

Mume wangu kasema tumsubiri Bibi kwanza. Nikamwambia, wewe mwanamume hujui raha ya kumshtukiza mtu!

Fremu tuliyozawadiwa harusini ni nyembamba, picha haikuingia. Nikachukua mkasi. Sasa Babu amesimama peke yake kama mfalme. Vidole tu vya yule mfupi vimebaki begani kwake. Kile kipande kingine nimewashia jiko.

Jumamosi, 8 Machi

Baba mkwe amekuja kumwona baba yake. Amenyoa, amevaa shati la harusi yetu. Akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, kisha akapiga saluti – fundi cherehani wa watu! "Kumbe pua nimeitoa huku," akasema, akijishika pua. Nililia. Mume wangu akanishika kiuno. Nikajiona nimeolewa na ukoo mzima.

Jumapili, 9 Machi

Nimejifungia chumbani.

Bibi ameletwa leo, macho yanaona! Akanikagua mlangoni: "Kumbe una mwanya, mke mwenzangu! Ndiyo maana mume wangu kapotea." Tukacheka. Tukampeleka ukutani. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

Akacheka tena.

"Huyu! Huyu si mpishi wao? Mwongo namba moja huyu! Ndiye aliyeniletea habari kwamba mwenzake hayupo tena. Siku hiyo tu ndiyo hakunidanganya. Sasa wangu mmemficha wapi? Yule mwenye masikio."

Baba mkwe hakusikia. Yuko nje, anawaita majirani waje wamwone baba yake. Sauti yake inafika mpaka humu.

Mume wangu alinitazama tu. Hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema.

Masikio! Ya mume wangu yamechomoza vilevile. Nayabusu kila asubuhi, namwambia ni mazuri, nayavuta akichelewa kuamka. Nikayaona pichani nikayacheka, nikayakata. Macho ya mpenzi wangu nikampa mpishi! Nilikuwa naangalia nini mimi?

Picha niliipiga pia kwa simu. Baada ya kuikata. Nimetafuta mara ngapi kana kwamba atatokea.

Bibi hajakasirika hata kidogo, hilo ndilo linaloniua. Anadhani kipande nimekitunza. Kakaa kitini, kajifuta macho yake mapya kwa leso, akanyoosha kiganja: "Niletee, mke mwenzangu. Na huyo mpishi mwacheni hapo hapo, alimpenda mwenzake."

Nikajibu nakuja nacho.

Nimekuja huku nikafungua droo, nikaifunga. Nikaifungua tena. Majirani wameshaingia sebuleni, Baba mkwe anawaonyesha pua.

Kuna mtu anagonga mlango wa chumba, polepole, kwa kidole kimoja.

"Umekipata, mke mwenzangu?"