Nilimkataa Fundi, Kisha Nikaitazama Karatasi Yake

Mpendwa mshauri, nakuandikia kutoka Nachingwea nikiwa na aibu, na jibu lako nalihitaji kabla mwezi huu wa Agosti 2006 haujaisha. Mimi ni mzaliwa wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, nilivuka wakati wa vita nikiwa kijana, wenzangu wakarudi mimi nikabaki, na sasa ni fundi mkuu wa kiwanda kidogo cha kubangulia korosho, sina cheti hata kimoja na macho yamechoka, ndiyo maana tajiri wetu, Bwana Yunusi, alimwomba Bi Hajra, wakala wa ajira aliyeko Dar es Salaam, atafute fundi wa kunisaidia na baadaye kushika nafasi yangu.

Bi Hajra alinipigia simu. "Babu, huyo mtu atafanya kazi gani hasa?"

"Mwanangu, fundi anajulikana kwa mkono."

Akacheka. "Sasa babu, mkono nitauonaje kwenye simu?"

Sikumwambia zaidi. Alileta watatu, nikawakataa bila kutoa sababu, kwa kuwa nina mtihani wangu niliojifunza porini tulipokuwa tukitengeneza malori ya vita: kila bolti unayofungua unailaza juu ya kitambaa kwa mpangilio wake, ili ndege za adui zikija ukunje kitambaa ukimbie na kila kitu. Kwangu asiyetandika kitambaa si fundi, na hilo sikumwambia wakala wala vijana wenyewe.

Wa nne alikuwa Adinani, mtoto wa Likunja, kule Ruangwa. Nilimpa pampu ya boila. Akaizunguka, akachuchumaa, akasema, "Mzee, naomba karatasi."

"Nimekupa mashine unaomba karatasi, unataka kuiandikia barua?"

Karakana nzima ikacheka. Akapewa, akachora, akaiacha mezani, akaondoka. Nikampigia Bi Hajra: hafai.

Juzi niliitazama ile karatasi. Mshauri, niliisogeza dirishani penye mwanga. Pampu yote imo, kila kipande mahali pake, kana kwamba aliona ndani ya chuma bila kukifungua, na kwenye kitako ameweka mshale na maneno haya: "Kimeinama upande wa mota, ndiyo maana beringi zinakufa." Miaka kumi na mmoja nimebadilisha beringi za pampu ile kila msimu. Nikapima. Kimeinama kweli. Namstaajabia kijana huyo, na pia Bi Hajra, binti ambaye hajawahi kushika spana, lakini alimtambua mtu huyu kwa kuuliza maswali tu.

Sasa Adinani amepatiwa kibarua cha miezi mitatu kwa watafiti wa madini huko Ruangwa, anasaini mwisho wa mwezi. Nikisema kweli, tajiri atajua nimepitwa, nami sina kwingine kwa kwenda. Nikinyamaza, nimempoteza. Nifanyeje?

Ignasi, Naipingo

*

Mzee Ignasi, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nami nilitamani kuiona hiyo karatasi. Lakini heshima hainizuii kukugombeza. Bi Hajra ulimtuma, mtoto wa watu, sokoni bila kumwambia anunue nini, na kila akirudi unamwaga kapu. Vijana nao uliwapima kwa vita ambavyo hawakuvipigana, tena bila kuwaambia.

Leo hii nenda kwa Bwana Yunusi, umwonyeshe mchoro na pampu yenyewe. Asisikie kwa mtu mwingine. Ukiwa hapohapo ofisini kwake, mpigie Bi Hajra, sema ulikosea, kisha mweleze kazi kama ilivyo: mashine zipi, nini huharibika, mgeni aweze nini peke yake mwezi wa kwanza, na nini utamfundisha wewe. Siku nyingine ukimkataa mtu, toa sababu siku hiyohiyo, maana sababu hiyo ndiyo itakayomsaidia wakala kumpata anayefuata. Adinani aulizwe, asivutwe. Akichagua kubaki Ruangwa karibu na kwao, pokea. Akija, mwombe radhi mbele ya karakana ileile iliyocheka.

Unaogopa tajiri atajua umezeeka. Alishajua, mzee wangu, ndiyo maana alitafuta wakala. Asichokijua ni kwamba bado unaweza kumtambua fundi aliyekuzidi. Piga simu.