Kichwa cha Treni Kilichofika Siku ya Mazishi

Scovia, Bibi Anjeline amenisimulia sasa hivi.

1966, babu Luke alikufa akisubiri kichwa kipya cha treni yake ndogo ya mezani, ile aliyoiundia reli ya kuigiza njia ya Malaba hadi Tororo.

Kifurushi kikaletwa siku ya mazishi! Jeneza liko sebuleni!

Bartholomew, mdogo wa babu, akaruka: "Shemeji, kitu kilichomfuata maiti hakilali humu. Kizikwe naye."

Kizikwe, Scovia! Na babu hajakigusa hata kidogo.

Bibi hakubishana. Mjane abishane na nani siku hiyo? Alikifungua, akakiweka kwenye reli ya mezani, pale kituo cha Malaba.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Ngojeni. Kwanza kifike Tororo."

Akakisukuma kwa kidole, polepole. Kilipofika, akakilaza mwenyewe kifuani pa mumewe.