Nani Anaruhusiwa Kuwa Mbali

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kwenye mkutano wa mshikamano nikiwaka. Chuo kilituandalia chai, biskuti, na mtaalamu wa kutufundisha kuvuta pumzi. Kuvuta pumzi! Serikali imetoa amri: wanafunzi wa nchi zilizotajwa, atakayevuka mpaka harudi, hata viza yake iwe hai. Na sisi tunashauriwa tujaze mapafu.

Mkuu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni—sote twamwita Mama Tutalitazama, maana hajawahi kujibu swali kwa neno jingine—alisema chuo kinasimama nao. Kweli kinasimama. Kama nguzo ya umeme: wima, na hakisogei.

Mimi ni mwenyeji, amri hainigusi. Inamgusa Mkemia, mwenzangu wa chumba tangu mwaka wa kwanza. Mama yake amelazwa kwao, figo zimegoma. Akienda, hatarudi kutetea tasnifu yake. Asipoenda—sitaki kuliandika.

Jumanne, 4 Machi

Nimemburuta Mkemia hadi ofisini. Hoja yetu ilikuwa nyepesi: aende kwa mama yake, atetee tasnifu kwa video. Mama Tutalitazama akajibu, kwa upole wa mtu anayefunga dirisha, kwamba desturi haikubali. Mtahiniwa sharti awepo kwa mwili. Jopo la watahini likijadili, atoke nje. Likiisha, agonge mlango, aitwe, apewe jibu. Ndivyo ilivyokuwa tangu chuo kiasisiwe.

Nikauliza: na mtahini wa nje, yule wa chuo kingine, naye huja kwa mwili? Akatazama meza. Huyo, akasema, huonekana kwenye skrini. Ana shughuli nyingi.

Kumbe! Mwenye shughuli anaruhusiwa kuwa mbali. Mwenye mama mahututi haruhusiwi. Na ukutani, juu ya kichwa chake, bango la chuo linakaribisha dunia nzima—kwa sura ya nani? Ya Mkemia mwenyewe, amevaa koti la maabara, meno yote nje!

Mkemia akalitazama. "Yule dada hana shida ya viza," akasema.

Mama Tutalitazama akacheka. Kwa hilo simsamehi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimehutubia kwenye ngazi za maktaba. Umati ulifika hadi barabarani. Nikawaambia: chuo kinachouza sura ya mtu huku kikimfungia mlango hakina tofauti na dalali. Wakapiga kelele. Nikapanda juu zaidi. Nikamtaja mama, kitanda chake, figo zake.

Chumbani Mkemia alikuwa anakunja nguo, hakugeuka. "Mheshimiwa," akasema—ndivyo anitaniavyo, lakini leo utani haukuwemo—"mama yangu si kaulimbiu."

Nikaokota soksi iliyomdondoka, nikaikunja.

Jioni profesa wake akapiga simu. Jopo limekubali kuuwahisha utetezi, uwe Jumatatu hii asubuhi. Ndege yake ya kwenda kwao ni mchana wa siku hiyohiyo. Chuo kimetangaza kuwa kimesikia. Kimesikia nini? Mlango ni uleule. Wamebadilisha siku tu.

Jumamosi, 8 Machi

Anafanya mazoezi ya utetezi mbele yangu, mimi mtu wa sheria. Sasa najua habari nyingi za zebaki ndani ya maji ya visima, na inavyokula figo, kuliko nilivyopata kutaka. Chujio alilobuni linaiondoa karibu yote. Nikamuuliza visima hivyo viko wapi. Kwetu, akasema, cha kwanza ni cha uani, anakoteka maji mama. Akabonyeza kompyuta, ikaja picha inayofuata.

Kaka yake ameahidi kutopiga simu siku ya utetezi. Ila kukiwa na neno kuhusu mama.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nje ya chumba cha utetezi, benchi la mbao. Nimekabidhiwa sanduku lake, koti, na simu yake. Nisipokee. Akitoka kusubiri jibu, nisimwambie lolote, hata iweje. Aliniapisha.

Sauti yake yapenya mlangoni: tulivu, haina haraka. Mtahini wa nje anakwama kila mara. Mtandao wake mbovu. Wanamsubiri. Yeye wanamsubiri!

Simu imetetema. Kaka. Nimeikalia.

Ametoka. Ameketi kando yangu. Anasema wameuliza maswali ya maana, na mtahini wa nje alikatika katikati ya swali lake mwenyewe. Nimeendelea kuandika nisimtazame.

"Leo umenyamaza, Mheshimiwa," amesema.

Imetetema tena. Benchi ni ubao mmoja. Mtetemo tumeuhisi sote wawili, na hakuna aliyesogea. Nina maneno ya kujaza ngazi zote za maktaba, na hapa sina hata moja lililo halali.

Amesimama. Ndani wamenyamaza, wanangoja agonge. Amefika mlangoni, mkono ameuinua. Haujagusa mbao. Ubao chini yangu unatetema bado, naye ananitazama mimi.